Siku tatu baada ya paja kuvunjika: karatasi ya kwanza ya maabara isikulaze usingizi

1.

 

Niliahidi kwamba wiki hii tunamalizia mambo ya chanjo. Naomba tuyaweke pembeni kidogo, kuna jambo limenikaa rohoni. Nitaliandika kwa vipande. Soma taratibu, ukishindwa kumaliza sasa hivi rudi usiku watoto wakilala.

Leo naongelea mfupa mrefu ukivunjika. Paja, ugoko, nyonga. Usiseme hayakuhusu kwa sababu wewe ni mama wa nyumbani. Ukikaa kwetu huku, barabara ya Bwanga, ya Buseresere na Katoro, ya kwenda Muganza, bodaboda ndiyo miguu yetu. Na wale ambao hawako barabarani wako duarani wanatafuta dhahabu, huko ambako mwamba ukiporomoka hauulizi mtu ana watoto wangapi. Anayevunjika ni mumeo, kaka yako, shemeji yako. Na atakayelala chini ya kitanda wodini akimuuguza ni wewe.

Maoni yangu ni haya, na nayasimamia: mtu aliyevunjika paja asihesabiwe kuwa salama kwa sababu eti vipimo vya siku ya kwanza ni vizuri. Damu yake ipimwe tena siku ya pili na siku ya tatu. Na ndugu wasimtoe hospitali ndani ya siku hizo tatu. Tukikosa haya mawili tunazika watu waliofika mapokezi wakiongea.

2.

Nianze na kisa. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike, na hospitali sitaitaja.

Kijana wa bodaboda, miaka 20 na kidogo, mke wake ana mtoto mchanga. Amegongwa jioni, paja la kulia limevunjika. Wenzake kwa upendo wao wakampakia mshikaki: mmoja mbele anaendesha, mwingine nyuma anamshikilia, yeye katikati na mguu unaning'inia. Kafika anaongea, analalamika simu yake imepotea. Tukachukua vipimo. Damu 12.8. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 210,000. Malaria hana. Akapewa dawa ya maumivu, mguu ukafungwa. Wote tukapumua.

Siku ya pili usiku mama yake akanifuata. "Sista, mwanangu anaongea na watu ambao hawapo."

Nikaambiwa na mwenzangu wa zamu kwamba vipimo viko sawa, faili hili hapa, labda ni dawa ya maumivu inamlewesha. Mama akarudi kukaa. Baada ya nusu saa akaja tena. "Sista, mimi ndiye niliyemzaa. Huyu si yeye."

Nikaenda. Anahema kama mtu aliyekimbia. Mashine ya kidoleni inasoma oksijeni 84, wakati tunataka 95 au zaidi. Joto limepanda. Tukamwekea oksijeni, daktari akaamshwa, damu ikachukuliwa upya. Damu 8.9. Chembe sahani 88,000. Ndani ya siku mbili! Karatasi nzuri tuliyokuwa tunaitegemea ilikuwa inatuelezea mtu wa juzi.

Yule kijana alipona. Lakini ile nusu saa mama alipoambiwa akakae, mimi bado ninayo. Alikuwa na jibu kabla ya maabara, na sisi tulikuwa na karatasi.

3.

Sasa ni nini kilimpata?

Mama, wewe unapika kongoro. Ukigonga ule mfupa mrefu wa ng'ombe, ndani unatoka uboho, mlaini, wa mafuta. Mwanadamu naye yuko hivyo hivyo. Mifupa mirefu ya mtu mzima imejaa uboho wa mafuta. Mfupa ukivunjika, matone ya yale mafuta yanasukumwa kwenye mishipa midogo ya damu iliyochanika, yanasafiri na damu hadi kwenye mapafu na kuziba vijishipa vyembamba. Mengine yanapenya mapafu na kufika kwenye ubongo na kwenye ngozi. Halafu yanavunjikavunjika kuwa asidi za mafuta zinazounguza kuta za mapafu. Hiyo hatua ya pili inachukua muda, ndiyo maana mtu anakuwa mzima siku ya kwanza, kisha anabadilika kati ya saa 24 na saa 72.

Kwa hiyo tusiulizane "kwani alikuwa mnene?" Hapana. Wanaopata zaidi ni vijana wembamba wenye nguvu zao, kwa sababu ndio wanaovunjika mapaja. Supu ya nyama mliyomletea haihusiki, mafuta yametoka kwenye mfupa wake mwenyewe. Watoto wadogo hupata mara chache, kwa sababu uboho wao bado ni mwekundu na una mafuta kidogo.

Wala si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Mwaka 1862 daktari Mjerumani aitwaye Zenker aliyakuta mafuta haya kwenye mapafu ya mfanyakazi wa reli aliyekufa kwa kubanwa na mabehewa. Miaka zaidi ya 160 imepita na bado hakuna dawa ya kuyayeyusha. Tunachoweza ni kumpa mgonjwa oksijeni na maji, kuutuliza mfupa mapema, na kumwangalia kwa karibu hadi mwili ujisafishe. Wengi wanapona. Ila wapo wanaokufa, na wengi wao ni wale waliogundulika wakiwa wamechelewa.

4.

Tuje kwenye karatasi yenyewe, maana mnapenda kuniuliza "sista, kipimo kinasema nini?"

Ukweli ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachosema ndiyo au hapana. Mwaka 1970 daktari aitwaye Gurd aliandika orodha ya dalili ambayo mpaka leo inatumika. Kubwa ni tatu: kupumua kwa shida na oksijeni kushuka, akili kuchanganyikiwa, na vidoadoa vyekundu kwenye ngozi. Mambo ya maabara aliyaweka kwenye dalili ndogo, za kuunga mkono. Na yanaunga mkono hivi:

Wingi wa damu unashuka ghafla. Hapa uwe makini, kwa sababu paja lililovunjika peke yake linaweza kunywa lita moja ya damu au zaidi ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Kwa hiyo kushuka ni dalili, lakini lazima tuulize imeshuka kwa sababu gani.

Chembe sahani zinapungua. Kawaida ni kati ya 150,000 na 400,000. Zinapungua kwa sababu zinajikusanya kuzunguka yale matone ya mafuta, zinatumika huko, hazibaki kwenye damu.

Kalisi inaweza kushuka. Mnaotengeneza sabuni mnajua mawese yanavyoshikana na kostiki. Asidi za mafuta nazo zinashikana na kalisi kwenye damu namna hiyo hiyo.

Kile kipimo cha kasi ya damu kujitenga, kinachoandikwa ESR, kinapanda. Lakini kinapanda kwenye magonjwa mengi.

Matone ya mafuta yanaweza kuonekana kwenye mkojo, makohozi au damu. Usitishike nayo peke yake: watu wengi waliovunjika mifupa wanakuwa na matone hayo na hawaumwi chochote. Na usitulie kwa sababu hayakuonekana.

Picha ya kifua siku ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa.

Umeona? Kila mstari peke yake unaweza kumaanisha kitu kingine. Kinachosema kweli ni mwendo wa namba. 210,000 ni nzuri. 88,000 ukiiona peke yake unaweza kudhani ni malaria. Lakini 210,000 juzi na 88,000 leo, kwa mtu aliyevunjika paja na anayehema, hiyo ni habari nyingine. Na habari hiyo huipati kwa karatasi moja, unaipata kwa karatasi mbili au tatu zilizowekwa pamoja. Ndiyo maana nasema damu irudiwe.

5.

Sasa mtego wetu sisi wa Kanda ya Ziwa: malaria.

Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, mnajua wenyewe. Na malaria nayo inaleta homa, inashusha damu, inashusha chembe sahani, na ikiwa kali inachanganya akili. Yaani karatasi mbili zinaweza kufanana kama mapacha. Mgonjwa wa paja akianza kuweweseka, ndugu wanasema "malaria imempanda kichwani". Anapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha kidole, mistari miwili inatokea, mjadala umefungwa.

Haujafungwa. Kipimo kile kinatafuta mabaki ya protini ya vimelea, na mabaki hayo yanaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Halafu mtu mzima wa huku anaweza kutembea na vimelea vichache bila kuumwa. Kwa hiyo mistari miwili inasema kuna malaria au ilikuwepo. Haisemi kwamba ndiyo inayompumisha.

Malaria ikionekana itibiwe, hakuna anayekataa. Nachokataa ni kuacha kutafuta baada ya kuipata. Muulize mtoa huduma kwa adabu: "Oksijeni yake ni ngapi? Sukari imepimwa? Kwenye hadubini vimelea ni vingapi? Kichwa hakikugongwa?" Hayo ni maswali ya haki, si ujuaji.

Na wale wanaosema amerogwa kwa sababu jana alikuwa mzima na leo hatambui mtu: kwa ugonjwa huu, kuwa mzima jana ndiyo kawaida yake. Usimtoe mgonjwa usiku kumpeleka kwa mganga. Kwenye oksijeni 84, hiyo safari ndiyo itakayommaliza.

6.

Hapa nawaita mama wenye watoto wa selimundu, msiruke.

Kanda yetu ina selimundu nyingi. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga uliofanyika mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba vinasaba kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Ni wengi.

Kwa mwenye selimundu, mafuta yanaweza kutoka kwenye uboho bila mfupa kuvunjika. Damu inapokwama kwenye mfupa wakati wa maumivu makali, sehemu ya uboho inaweza kufa, na mafuta yake yanaingia kwenye damu na kwenda kwenye mapafu. Ni moja ya sababu za ule ugonjwa wa kifua unaowashika ghafla. Na angalia siku zinavyofanana: mara nyingi kifua kinashika siku mbili tatu baada ya kulazwa kwa maumivu ya mifupa, siyo siku ya kwanza.

Kwenye karatasi, damu na chembe sahani vinaporomoka kwa pamoja, na chini ya hadubini zinaonekana chembe nyekundu changa ambazo kwa kawaida hazitakiwi kutoka nje ya uboho. Haitokei kila mara, tusiogopeshane. Lakini mtoto wa selimundu mwenye maumivu makali ya mgongo au mapaja akianza kuhema haraka, kukohoa au kuongea visivyoeleweka, mwite nesi hapo hapo. Usisubiri raundi ya asubuhi. Na mwambie: "Huyu ana selimundu, kipimo chake cha damu cha kawaida ni hiki." Andika namba hiyo nyuma ya kadi ya kliniki. Siku ya shida inaokoa muda.

7.

Najua mtakachonijibu, na wenzangu wa kazi nao najua watakachosema.

Ninyi mtasema: "Mnachukua damu kila siku, mnaipeleka wapi?" Mama, kichupa kile cha kipimo ni mililita chache, haifiki kijiko cha chai. Damu iliyomwagikia ndani ya paja ni zaidi ya hiyo mara mia mbili na kitu. Hatuiuzi, wala haikopeshwi.

Mtasema gharama. Hapo sina mzaha, najua kuna anayeuza kuku ili alipie kipimo. Ndiyo maana siombi vipimo vyote vya dunia. Naomba kile kimoja, picha kamili ya damu, kirudiwe mara mbili. Mashine ya kidoleni haihitaji kitendanishi. Kuhesabu pumzi kwa dakika moja ni bure kabisa.

Wenzangu watasema: "Hakuna dawa maalumu, sasa kurudia vipimo kunabadilisha nini?" Kunabadilisha mengi. Kunatuambia nani awekewe oksijeni usiku huu, nani asogezwe karibu na meza ya nesi, nani apewe rufaa sasa hivi akiwa bado anaweza kusafiri, na nani asipandishwe gari hata kidogo mpaka atulie. Chato sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na Bugando iko Mwanza, lakini rufaa inamsaidia aliyeonekana mapema.

Wengine watasema manesi ni wachache. Ni kweli, nesi mmoja na wodi nzima. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mama. Mtu mmoja tu ndiye anayemwangalia mgonjwa mmoja usiku kucha, na mtu huyo ni ndugu. Tukimfundisha cha kuangalia na tukamsikiliza akija kutuita, tumepata mkono wa pili bila kuajiri. Tukimwambia "kakae", tumeutupa.

8.

Basi tumalize na ya kufanya. Yaandike au yahifadhi kwenye simu.

Ajali ikitokea: usimpakie mshikaki. Mfupa unaochezacheza unazidi kumimina mafuta. Mlaze chali, weka kanga au mto kati ya miguu, funga mguu mbovu kwenye mguu mzima kwa vitenge, juu na chini ya palipovunjika, usifunge palepale. Kama kuna mbao mbili, ziwekwe pembeni. Tafuta gari ambalo atalala, hata liwe la mizigo.

Usimpeleke akakandwe. Nawaheshimu wazee wetu wa mifupa, lakini siku hizo tatu za mwanzo kukanda na kuvuta ni hatari. Hospitali wakishauri kumfanyia upasuaji na kuweka chuma mapema, sikiliza, msikae vikao vya ukoo wiki nzima. Mfupa ukitulizwa mapema, hatari inapungua.

Wodini siku ya kwanza hadi ya tatu, kila baada ya saa chache:

Hesabu pumzi kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia akizidi 24, mwite nesi.

Muulize jina lake, yuko wapi, mtoto wake anaitwaje. Akikosea au akikuchekea tu, mwite nesi.

Vuta chini kope ya jicho utazame upande wa ndani, angalia mdomoni, kwapani, kifuani. Vidoadoa vyekundu kama vya sindano haviwezi kuonekana vizuri kwenye ngozi yetu nyeusi, ila kwenye jicho na mdomoni vinaonekana. Vinaweza kutoweka ndani ya siku moja, kwa hiyo ukiviona sema hapo hapo. Visipokuwepo usijipe moyo, wengi hawavipati.

Angalia mkojo. Ukipungua sana, sema.

Akiwekewa oksijeni, usiivue. Nawasikia: "akishawekewa gesi ndiyo basi tena." Oksijeni haiui mtu. Tumezoea kuiona kwa wanaokufa kwa sababu mara nyingi huwekwa kwa kuchelewa.

Na swali la mwisho, uliza kila asubuhi kwa heshima: "Sista, damu yake ya leo ikoje ukilinganisha na ya jana?" Ukiambiwa haijapimwa, uliza itapimwa lini. Swali hili moja tu, kila ndugu wa mgonjwa wa paja akiliuliza, litabadilisha wodi zetu kuliko semina kumi.

Kwa mwenzangu nesi au tabibu unayesoma: mama akikufuata usiku na kukwambia "huyu si yeye", inuka. Usifungue faili kwanza. Nenda kitandani na mashine ya kidoleni mkononi. Faili litasubiri.

Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo, sijasahau. Mwenye swali aliandike hapa chini, la siri anifuate inboksi. Na kama mumeo anaendesha bodaboda au anashuka duarani, msomee hii akirudi leo, kabla hajashika rimoti.